Mama anayelala mchana mwaloni: amechanganyikiwa, au amechoka kujilinda?

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 41, ninauza uji na vitumbua karibu na soko la samaki la Kirumba, pale mwaloni. Ninakuandikia kuhusu mwanamke ambaye si ndugu yangu, lakini amekaa moyoni mwangu kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Miezi minne iliyopita alishuka kutoka Ukerewe akiwa na binti wa miaka kama miwili mgongoni na kiroba kimoja cha nguo. Tangu siku hiyo wanalala kwenye baraza la maduka, na asubuhi huja kusaidia kuanika dagaa kwa malipo madogo. Shida ni mwenendo wake. Saa sita mchana, wenzake wanapogeuza dagaa, yeye hulala fofofo katikati ya kelele zote zile, mtoto akiwa amefungwa kwa kanga kiunoni mwake. Usiku, walinzi wa maduka wanasema hawajawahi kumkuta amefumba macho. Hukaa ameegemeza mgongo ukutani hadi kunapambazuka. Pikipiki ikilia ghafla hutetemeka mwili mzima. Zipo siku anakuwa kama hayupo: nampa uji, kikombe kinapoa mkononi mwake, namwita haitiki. Tena anasahau sana, hata deni moja amewahi kunilipa mara mbili. Juu ya sikio la kushoto ana kovu refu. Mwezi uliopita nilimgusa bega kwa nyuma ili nimpe chenji, akageuka akanirushia kikombe, kisha akalia kwa aibu.

Wapo wanaosema amerogwa, wapo wanaosema ana mapepo, na vijana wanamwita chizi. Kwa nia njema nilikusanya kina mama watano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukamkalisha, tukamwomba aeleze yote yaliyompata ili tujue namna ya kumsaidia. Alisema mume wake, ambaye ni mvuvi, alikuwa akimpiga kwa kasia na kumfungia ndani, kwamba alikimbilia kwao mara mbili na baba yake akamrudisha kwa sababu ya ng'ombe wa mahari, na kwamba hata hapa mjini "baraza si bure." Alipofika hapo pumzi zikamkaba, akainuka na kuondoka. Hakuonekana kwa siku tatu, na aliporudi hakutaka kuniangalia usoni.

Sasa mjumbe wetu anataka kumpigia simu mume aje amchukue wapatane, kwa maelezo kwamba mwanamke mwenye mume kulala nje ni aibu kwa mtaa. Mume wangu hataki aingie nyumbani kwetu. Hospitali mwenyewe amekataa, anaogopa kwamba wakimwona kichaa watamnyang'anya mtoto. Na juzi, tulipokuwa tunaosha masufuria ufukweni, alitazama maji akasema, "Ziwa halimfukuzi mtu." Nilikosa la kujibu, nikabadilisha mazungumzo.

Je, huyu mama ni mgonjwa wa akili? Nimpeleke kwa mganga, kwenye maombi au hospitali? Nimwache mjumbe apige simu? Na mimi tangu siku ile ya kikao sipati usingizi vizuri, yapo mambo ya ndoa yangu ya kwanza yananirudia, lakini hayo tuyaache.

Mama Muuza Uji, Kirumba, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mzigo uliojitwika bila kulazimishwa na mtu yeyote.

Barua yako ina maswali mengi, lakini ipo sentensi moja ambayo haiwezi kungoja zamu yake. Mtu anayesema ukingoni mwa maji kwamba ziwa halimfukuzi mtu huenda anaeleza uchovu tu, na huenda anakuambia kwamba amewaza kujiua. Hatuwezi kujua kwa kukisia, kwa hiyo lazima aulizwe. Muulize leo, mkiwa wawili tu, kwa maneno ya wazi: "Ulisema ziwa halimfukuzi mtu, na neno hilo halijanitoka moyoni. Je, huwa unafikiria kujiua?" Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikiza mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, halipandikizi wazo, na mara nyingi aliyekuwa amelibeba peke yake hupata nafuu kwa kuona kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia bila kumkimbia. Akisema ndiyo, na hasa ikiwa tayari amefikiria namna au siku, usimwache peke yake hata kwa saa moja, mwondoe karibu na maji, na siku hiyohiyo mpelekeni pamoja na mtoto wake katika idara ya dharura ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou-Toure au ya Bugando. Akisema hapana, mshukuru kwa kukujibu, na mwambie kwamba utamuuliza tena.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Sijamwona, na mtu asiyemwona mgonjwa hawezi kumpa ugonjwa jina kwa barua. Hata hivyo, dalili ulizoziandika nimezisoma moja moja, na sizioni kuwa za mtu aliyepotewa na akili. Naziona kuwa za akili ambayo imefanya kazi moja tu kwa muda mrefu mno, yaani kumlinda mwenyewe asiuawe.

Umeandika kwamba hulala mchana katikati ya kelele, na nadhani ulitaka nione jinsi lilivyo jambo la ajabu. Kwangu ndilo jambo lenye busara kuliko yote katika barua yako. Mwaloni saa sita mchana kuna mwanga, kuna watu wengi, na hakuna mwanamume atakayethubutu kumvuta mwanamke aliyelala mbele ya kina mama wanaogeuza dagaa. Usiku barazani hakuna shahidi. Amechagua kulala wakati ambao ninyi nyote, bila kujua, mnamlinda, na kukesha wakati ambao hana mlinzi mwingine isipokuwa macho yake. Wavuvi wa dagaa nao hulala mchana kwa sababu kazi yao ni ya usiku, na hakuna anayewaita machizi. Huyu mama naye yuko kazini usiku kucha, ila wavuvi hupumzika mbalamwezi inapong'aa, na yeye hapumziki.

Mengine yote yanatoka kwenye mzizi huo. Mtu aliyepigwa kwa miaka, bila kujua kipigo kitaanza saa ngapi, mwili wake hujifunza kuwa tayari wakati wote: moyo hukimbia kwa mlio mdogo, misuli hukakamaa, na mkono wa ghafla kutoka nyuma hupokelewa kama pigo kabla ubongo haujapata nafasi ya kutambua kwamba ni mkono wa muuza uji mwenye chenji. Kikombe kile hukurushiwa wewe. Na zile siku ambazo anakuwa "kama hayupo" ni njia nyingine ya kujihami, kwa sababu mtu aliyefungiwa ndani na mpigaji hana mahali pa kukimbilia kwa miguu, hivyo akili hujifunza kuondoka na kuuacha mwili pale, na baadaye huondoka hata pasipo hatari. Wataalamu wa afya ya akili huiita hali hii msongo wa baada ya kiwewe, na mara nyingi huandamana na sonona, ule uzito wa moyo unaomfanya mtu asione sababu ya kuiona kesho.

Lakini yapo mawili ambayo watu husahau, na ningependa daktari ayasikie kutoka kwako. La kwanza ni kovu lile juu ya sikio. Kasia ni ubao mzito, na mtu aliyepigwa nalo kichwani zaidi ya mara moja anaweza kuwa na jeraha la ubongo linaloleta usahaulifu, maumivu ya kichwa na hasira za ghafla. Kulipa deni mara mbili kunaweza kuwa na chanzo hicho. La pili ni usingizi wenyewe. Binadamu yeyote mwenye akili timamu, akinyimwa usingizi wa kutosha kwa wiki nyingi, huanza kuchanganya siku, kupoteza kumbukumbu, na hata kusikia sauti ambazo hazipo. Kabla ya kumwita mtu kichaa ni haki kwanza apate nafasi ya kulala.

Ningependa pia uwaambie wenzako kwamba mwanamke huyu si wa aina tofauti na wao. Utafiti uliofanyika hapa hapa jijini Mwanza kwa wanawake 1,049 waliokuwa katika vikundi vya mikopo midogo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba takriban asilimia 61 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao, na waliofanyiwa ukatili walikuwa na dalili nyingi zaidi za afya mbaya ya akili. Hao walikuwa wanawake wenye biashara, wenye vikundi kama chenu. Kinachomtenganisha huyu na wao ni paa. Alipotoka hakuwa na kodi ya miezi kadhaa ambayo wenye nyumba huitaka mkupuo, na kwao ng'ombe waliokwisha kupokelewa walikuwa na uzito kuliko majeraha yake. Kwa hiyo akatoka kwenye ukatili wa mtu mmoja anayemjua, akaingia kwenye ukatili wa watu asiowajua. Aliposema kwamba baraza si bure, nafikiri ulielewa. Mwanamke asiye na mlango wa kufunga hudaiwa malipo ya kila aina na wanaume wanaojifanya kumlinda, na akienda kulalamika huulizwa alikuwa akifanya nini nje usiku. Hata sheria za tangu enzi za ukoloni zinazowahesabu watu wasio na makazi kuwa wazururaji zimechangia unyonge huo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Kiwewe cha mtu aliyeko nyumbani salama huwa ni cha jambo lililopita. Cha huyu mama kinaongezwa kila jua linapozama, na ndiyo maana maombi na dawa peke yake havitatosha kama atarudi barazani jioni ileile.

Kuhusu kile kikao, nitasema ukweli kwa sababu najua ulikifanya kwa upendo. Kumkalisha mtu mbele ya watu sita na kumtaka aeleze yote ni kumrudisha mule chumbani alimofungiwa, safari hii mbele ya macho ya watu. Hadithi ya mtu aliyeumizwa ni mali yake, naye huitoa kipande kipande, kwa mtu anayemchagua, siku anayoichagua. Huhitaji kuijua yote ili umsaidie. Mwombe radhi kwa sentensi moja tu: "Siku ile tulikuuliza mambo mengi mbele za watu, nisamehe, sitakuuliza tena mpaka utake mwenyewe." Kisha endelea na mambo madogo ambayo tayari unayafanya vizuri. Msogelee kutoka mbele, mwite kabla hujamgusa, kaeni ubavu kwa ubavu mkifanya kazi badala ya kukaa mkitazamana, na badala ya kuuliza alifanywa nini, muulize leo anahitaji nini. Mtoto usimchukue mikononi mwake bila kumwomba. Na ukimkuta siku moja ananuka gongo, usimkatie tamaa; wengi walioko nje huinywa ili wapate usingizi au wasihisi kinachowapata.

Mume wako hataki aingie nyumbani, na kwa hilo sitamlaumu wala sitakulaumu. Kumwingiza mtu mwenye kiwewe kikubwa katika nyumba ambayo mwenye nyumba hamtaki ni kumpa hofu nyingine. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Kama wewe au mwenzako mna kibanda au stoo yenye mlango, mpeni saa tatu za mchana alale humo, mtoto akiwa ndani au mahali anapoweza kumwona, na komeo liwe upande wake. Hilo la komeo msilipuuze: mtu aliyefungiwa na mumewe hatalala katika chumba ambacho ufunguo uko mkononi mwa mwingine. Baadaye kikundi kinaweza kufikiria kumkopesha kodi ya chumba kidogo, kwa masharti yaleyale mnayowapa wanachama wengine, ili asijione ombaomba wala asidaiwe fadhila.

Kwa mjumbe jibu langu ni hapana, na naomba umpelekee leo kabla hajapiga simu. Wakati ambao mwanamke aliyepigwa yuko katika hatari kubwa zaidi ni ule anapoondoka na mume kutambua alipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, kwa hiyo kinachoitwa ugomvi wa ndoa hapa ni kosa. Siku mama huyu akitaka mwenyewe suluhu, talaka, matunzo ya mtoto au sehemu yake ya mali, njia zipo. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kuamua, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shirika la Kivulini, lililoanzishwa hapa Mwanza mwaka 1999, limekuwa likifanya kazi ya kupinga ukatili wa majumbani kwa muda mrefu, na linaweza kuwa mlango wake wa kwanza. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nalo lipo kwa kazi hiyo. Lakini aende akiwa ameamua yeye, na wewe uwe pembeni yake, kwa sababu mtu ambaye kwa miaka mingi maamuzi yote yalikuwa ya mwingine anahitaji kuanza kuamua hata mambo madogo.

Ikiwa barazani amelazimishwa kingono siku za karibuni, hapo muda una thamani. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na dawa za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku tano. Katika baadhi ya hospitali za serikali vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, bila mtu kuzungushwa akisimulia upya kila dirisha, ulizeni mapokezi.

Hofu yake ya kunyang'anywa mtoto usiiite ujinga, kwa sababu mtoto huyo ndiye kitu pekee alichotoka nacho. Mweleze kwamba kutibiwa msongo au sonona hakumfanyi mtu kuwa mzazi asiyefaa, na kwamba mnakwenda kutafuta usingizi, kutazamwa kovu na kuzungumza na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Mwambie pia kwamba hatalazwa mtoto akiachwa barazani, kwa kuwa utakuwepo. Kuhusu gharama, mwoneni kwanza afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake mojawapo ni kuwashughulikia msamaha wa malipo wale wasio na uwezo. Kwenye maombi anaweza kwenda kama yanampa faraja, mradi asishikwe, asipigiwe kelele, wala asiambiwe aache matibabu. Kwa mganga nisingempeleka, kwa sababu mara nyingi jibu la huko humtafuta aliyeroga, na aliyemuumiza huyu tayari anajulikana.

Je, atapona? Wengi hupata nafuu kubwa, ila haiji kwa mstari ulionyooka. Akiisha kupata mlango wa kufunga huenda ukashangaa kuona analia zaidi kuliko alipokuwa nje, kwa kuwa machozi aliyoyazuia wakati wa kulinda yatapata ruhusa. Msidhani amezidiwa. Endeleeni kumpa uji.

Limebaki lile uliloniambia tuliache, nami sitaki kuliacha. Uliposikia habari za kasia usingizi ukakutoka, na ndoa yako ya kwanza ikaanza kukurudia. Kwa hiyo wewe pia ulikuwa na zamu yako ya kukesha zamani, na hukuwahi kumkabidhi mtu. Huyu mama ameogopa hospitali kwa sababu anadhani wanaokwenda kule ni machizi peke yao. Mkifika dirishani, fungueni mafaili mawili, na la kwanza liwe lako.